Wasomaji Wanauliza: Nani alimjua mgonjwa asiyeumwa?

SWALI: Nasikia London ya miaka ya 1950, halmashauri ya kila eneo ilikuwa na daktari mkuu wa afya aliyezijua nyumba zote zenye dondakoo au homa ya matumbo. Alizijuaje? Na mtu anayebeba vijidudu bila kuumwa alipatikanaje?

JIBU: Sheria ndiyo iliyomfikishia habari. Tangu 1889, daktari wa London aliyegundua ugonjwa uliotajwa kwenye orodha alipaswa kujaza cheti na kukipeleka halmashauri. Sheria ilimpangia malipo ya shilingi 2 na peni 6 kwa mgonjwa wake binafsi. Surua na kifaduro viliingia kwenye orodha ya nchi nzima mwaka 1940.

Cheti kikifika, mkaguzi alikwenda nyumbani siku hiyohiyo ikiwezekana. Aliulizia muda ambao ugonjwa huchukua kujitokeza baada ya kuambukizwa. Kwa dondakoo ni siku 2 hadi 5 za nyuma. Kwa homa ya matumbo, wiki 1 hadi 3: maziwa yalitoka wapi, nani analala chumba kimoja na mgonjwa, nani anafanya kazi ya chakula. Waliokaa karibu na mgonjwa wa dondakoo walipanguswa koo na pua kwa pamba, na sampuli ikaoteshwa usiku kucha. Mgonjwa mwenyewe hakusubiri majibu. Dawa ya kuzuia sumu inayotolewa na vijidudu vya dondakoo ilipaswa kudungwa mara moja, kwani sumu ikishashika moyo au neva, dawa haiing'oi tena.

Mbebaji wa homa ya matumbo ndiye aliyesumbua zaidi. Vijidudu hujificha kwenye kibofu cha nyongo na hutoka kwa vipindi, kwa hiyo sampuli moja ya choo isiyo na vijidudu haithibitishi chochote.

Mwaka 1948 Brendan Moore, mtaalamu wa vijidudu aliyekuwa akiwatafuta wabebaji wa paratifoidi (ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo) huko Devon, Uingereza, alichapisha mbinu ambayo kwa kweli inastahili heshima kubwa. Furushi la kitambaa cha shashi hufungwa kamba na kuachwa siku kadhaa ndani ya maji taka yanayotiririka, kisha huoteshwa maabara. Ubora wake ni muda: maji yakichotwa mara moja hukosa vijidudu vinavyopita saa nyingine, lakini shashi huvinasa. Vikionekana kwenye bomba kuu, shashi hupandishwa kwenye matawi yake, makutano hadi makutano, mpaka mtaa na hatimaye nyumba.

Hapo wakazi wote hutoa sampuli za choo, tena mara kadhaa. Atakayepatikana hufundishwa kunawa mikono na huzuiwa kufanya kazi ya kuandaa chakula.