Swing au JavaFX? Umeuliza uchukue ipi kati ya maktaba hizi mbili za kuunda madirisha ya programu za Java.
Kwa programu ya fomu na majedwali kama hiyo ya stoo unayotaka kuandika, mimi ningechukua Swing. Tayari imo ndani ya JDK (kifurushi cha zana za kuandikia Java), ilhali JavaFX iliondolewa humo tangu Java 11 mwaka 2018, kwa hiyo utaiongeza mwenyewe kwa Maven au Gradle, zana za kuleta maktaba na kujenga mradi. Ile sura ya kizamani ya Swing isikutishe: weka FlatLaf, maktaba inayoipa sura ya kisasa, kisha uite FlatLightLaf.setup() kabla hujaunda dirisha lolote. Ukihitaji uhuishaji au mitindo ya CSS (lugha ya kupamba mwonekano), hapo JavaFX na Scene Builder, zana yake ya kupanga dirisha kwa kuburuta vipande, ndiyo mpango mzima. SWT, maktaba nyingine ya madirisha, achana nayo, labda uwe unatengeneza kitu cha Eclipse (programu ya kuandikia msimbo). Na kazi nzito, mfano kusoma hifadhidata, ipeleke kwenye SwingWorker, inayoifanya kazi hiyo pembeni, la sivyo dirisha litaganda.