Pete ya uchumba ya jiwe la rangi: tanzanaiti au rubi ya stesheni?

Mdogo wangu wa Tabora, swali lako nimelisoma lote. Mchumba anataka kukununulia pete, we moyo uko kwenye tanzanaiti, yeye kuna kaka karibu na stesheni anamuuzia rubi ya Winza kwa bei ya kutupa, na unauliza ipi ni ipi na utaitunzaje maana we ni nesi, mikono iko kwenye maji, spiriti na glavu kutwa nzima. Mi niko Kigoma, Mwanga hapa, baba yangu mdogo ni sonara na pete zinazorudi kutengenezwa ni mimi nazipokea, kwa hiyo nakwambia yale ninayoyaona zikirudi.

Kwanza angalia mkono utakaolivaa jiwe, rangi itafuata. Wateja wanakuja na rangi kichwani, bluu, nyekundu, kijani, hamna anayeuliza jiwe lenyewe ni gumu kiasi gani. Kuna kipimo kinaitwa Mohs, 1 mpaka 10. Almasi ndo 10, rubi na safaya (wote ni yakuti hao, wanatofautiana rangi tu) 9, spino 8, zumaridi 7.5 mpaka 8, ganeti 6.5 mpaka 7.5, tanzanaiti 6 mpaka 7. Sasa lile vumbi la Tabora la kiangazi linaloingia mpaka ndani ya kabati lina chembe za kwatzi, yale madini ya kwenye mchanga, na kwatzi ni 7. Yani kila ukiipangusa tanzanaiti kavukavu na upindo wa kanga ni kama unaipiga msasa.

Kuna mama anauza dagaa Kibirizi, alituletea pete yake ya tanzanaiti analalamika jiwe limekufa, anahisi aliuziwa feki. Tukaliweka chini ya lupu, kile kioo kidogo cha sonara cha kukuzia. Jiwe lilikuwa halali kabisa ila zile kona za juu zilizochongwa zikiwa kali zote zimelika zimekuwa butu, uso umejaa vimikwaruzo vidogo vidogo, halafu ukiigeuza pete, kule nyuma kwenye tundu kumeshindiliwa unga wa ugali, mafuta na vigamba vya dagaa mpaka mwanga haupiti. Tuliloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, tukachukua mswaki laini wa mtoto, tukasugua kwa nyuma taratibu, na ile bluu ikarudi, mama mwenyewe akacheka. Nyuma ndo kunakosahaulika, watu wanang'arisha juu tu. Lakini zile kona hazirudi kwa sabuni, hapo mpaka mkataji alichonge upya na likichongwa linapungua uzito, na uzito ndo hela.

Kwa hiyo kama unaipenda tanzanaiti mwambie akununulie hereni au kidani, huko haigongwi na kitu. Au iwe pete ya kutokea, harusini, kitchen pati, basi. Ya kuvaa kila siku na kazi yako hiyo mi ningechukua safaya ya Tunduru au Umba, au spino ya Mahenge, hii watu hawaijui sana ila ni jiwe zuri mno, lina pinki na nyekundu za kukata na shoka. Na mwambieni sonara asiliweke juu juu kwa vikucha, vile vidole vya chuma vinavyoshika jiwe, alizungushie ukuta wa dhahabu pande zote, likae chini. Vikucha kwa nesi ni kero, vinachana glavu na kunasa kwenye pamba, kikucha kimoja kikiinuka jiwe linadondoka na hujui limedondokea wodi gani.

Ukiambiwa tanzanaiti yako imechomwa usishtuke. Iligunduliwa Mererani mwaka 1967 na mpaka leo haichimbwi pengine popote duniani, na nyingi zikitoka ardhini ni za kahawia, zinapashwa moto wa nyuzi kama 500 hadi 600 ndo zinakuwa bluu, na rangi ile haitoki. Hiyo ni biashara ya kawaida. (Tangu Laizer, yule mchimbaji mdogo wa Mererani, auze yale mawe yake mawili mwaka 2020, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7, kila anayeokota kijiwe cha bluu huku anatuletea akiamini ametoka kimaisha. Vingi ni vipande vya chupa.)

Haya, rubi ya stesheni. Winza ni kweli ipo, Mpwapwa huko Dodoma, na ilitoa rubi kali sana kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Ndo maana sasa jina linauza. Rubi safi kubwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni moja ya mambo mawili. Inaweza kuwa imetengenezwa maabara, teknolojia hiyo ipo tangu 1902, ni rubi kweli kwa kemikali ila thamani yake ndogo, na zile za njia ya zamani ukiziangalia kwa lupu ya mara 10 ndani utaona vimistari vilivyopinda. Au ni rubi ya ardhini iliyojaa nyufa ikajazwa kioo chenye madini ya risasi, hiyo ndo inayonitia hasira zaidi, maana ukiigeuza geuza unaona viputo vya hewa na mwale wa bluu unapita kwenye nyufa, na ukiisafisha kwa ndimu tu kile kioo kinaliwa, jiwe linabaki na mitaro myeupe juu. Fundi akiipiga moto ndo kabisa. Mwambie shemeji amuulize huyo kaka leseni ya udalali na risiti. Masoko ya madini yapo tangu 2019, mtu halali hana sababu ya kuuzia mawe kwenye benchi la stesheni. Na kama hela ni nyingi, jiwe liende Arusha pale Kituo cha Jemolojia wakalipime kabla hajalipa, siyo baada.

Mkienda kuchagua msiridhike na taa za dukani, ombeni mtoke nalo nje kivulini. Tanzanaiti kwenye balbu ya njano inavuta zambarau, nje inarudi bluu, na ukiizungusha inabadilika rangi kadri unavyoigeuza wakati kioo kinabaki vilevile.

Kutunza hamna uchawi. Kazini vua, weka kwenye kimfuko chake, usitupie kwenye mfuko wa gauni na funguo. Jiki ni adui wa dhahabu, dawa ya meno inakwaruza, na ile mashine ya kutetemesha ya masonara usikubali wakuwekee tanzanaiti, zumaridi wala opali. Zumaridi nyingi zimepakwa mafuta kwenye nyufa, maji ya moto na spiriti vinayatoa. Lulu vaa mwisho baada ya manukato. Kila kito kikae peke yake, manake rubi ikilala na tanzanaiti sanduku moja itaikwaruza. Na siku pete ikihitaji kukuzwa au kuchomelewa, fundi atoe jiwe kwanza ndo awashe moto, simama hapohapo uone akilitoa.

Kidole akupime jioni, asubuhi kinakuwa chembamba. Kama anataka iwe sapraizi mwambie dada yako amwibie pete unayovaa kidole hichohicho, asichukue ya mkono wa kulia, mara nyingi saizi haifanani.