Tununue ekari za msitu wa Kongo?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni vijana wa kwaya hapa Kikuyu, Dodoma. Tumechanga fedha baada ya kusikia habari za jamii zinazoondolewa kwenye misitu ya mvua ya Kongo na Amazon. Mwenzetu ameona tangazo la kununua ekari za msitu "kwa niaba ya wenyeji". Wengine wanataka tutume nguo. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mmefanya jambo jema, ila hizo ekari msinunue. Anayeuza kazipata wapi? Msitu ule una wenyewe, na jina lenu likiingia kwenye hati, lao ndilo linalokosekana.

Nimefanya kazi ya mipango ya ardhi ya vijiji Singida na Manyara. Kule Bonde la Yaeda, mzee wa Kihadza, jamii ya wawindaji na warina asali, alinionyesha mbuyu uliopigiliwa vigingi kuanzia shinani hadi kwenye tundu la nyuki. Vingine vimeoza, vingine bado vina gome bichi. Wanapandia hivyo kurina asali. Mkulima anayetafuta shamba akipita hapo huona pori lisilo na mtu, kwa sababu hakuna ua wala tuta.

Kilichowasaidia Wahadza ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Vikao vikakaa, mipaka ikazungukwa kwa miguu pamoja na majirani, mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, na mwaka 2011 wakapata hatimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, kwa jina la jamii nzima. Hapo ndipo fedha za wahisani zinapofanya kazi: posho za vikao, mafuta ya gari, upimaji. Baadaye wakaanza kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayoifyonza, na mapato yakalipa walinzi wao wa pori, karo na matibabu.

Amazon ni vivyo hivyo. Wawaorani wa Ecuador walichora ramani zao wenyewe, wakaweka vijito, miti ya dawa na njia za mawindo, kisha wakaishtaki serikali iliyotaka kugawa eneo lao kwa wachimba mafuta. Aprili 2019 mahakama ya Pastaza iliwapa haki, kwa kuwa hawakushirikishwa ipasavyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, Julai 2022, ilitunga sheria ya kulinda haki za Wambilikimo, na sasa inahitaji watu wa kuisimamia huko vijijini. Hukumu peke yake haitoshi: Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali ya Kenya mwaka 2017 kwenye Mahakama ya Afrika, hapo Arusha, na bado wameendelea kuhangaikia ardhi yao.

Kwa hiyo tafuteni shirika linalolipia wanasheria na wapimaji. Kabla ya kutuma hata shilingi, ulizeni hati itaandikwa jina la nani, na wenyeji wangapi wamo kwenye bodi. Mkijibiwa kwa kuzungushwa, ondokeni. Mimi ningeanza na shirika linalofanya kazi na Wahadza, maana huko mnaweza kufika wenyewe na kuona fedha yenu imefanya nini.

Nguo mlizokwisha kukusanya wapeni wahitaji wa hapo Kikuyu. Nauli ya kuzifikisha Kongo itazidi thamani yake.