Usirudishe bia ya pipa kabla hujaionja vizuri

Wadau, mwaka huu peke yake nimepata meseji tatu za watu wanakuja huku Uingereza, mmoja masomo wawili kazi, na wote wakishamaliza kuuliza mambo ya nyumba na baridi wanamalizia na lile lile, eti ni kweli wazungu wanakunywa bia ya moto? Sa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika hapa.

Kwetu ukikaa baa mhudumu anakuuliza ya baridi au ya moto. Bia ya pipa ya huku, ile wanaita cask ale, haimo kwenye hayo mawili. Inatunzwa kwenye nyuzi 11 mpaka 13 hivi, yaani kama maji ya mtungi asubuhi ya Julai kule kwetu Kibosho. Na mi hilo sikulijua, ndo maana nikajiaibisha wiki yangu ya pili tu. Wenzangu wa kazini walinipeleka baa ya kijijini, nikapewa glasi ina kitu rangi ya chai ya rangi, povu nyembamba juu, nikapiga funda moja nikarudi nayo kaunta nikamwambia yule dada hii imekufa, haina gesi. Akainusa, akaionja, akaimwaga, akanipa bia ya baridi ya kawaida bila neno hata moja. Wenzangu wote wakaanza kuangalia dirishani. Bia ilikuwa nzima kabisa.

Miezi kama mitano baadaye, baa nyingine, nikapewa iliyoharibika kweli kweli, siki tupu, halafu kwa sababu ya ile aibu ya mwanzo nikajifanya mzoefu nikainywa yote. Usiku ule sisimulii.

Kwa hiyo kitu cha kujifunza ni kutofautisha, na sisi tuliokulia kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Kichaga, tuna faida kuliko aliyekulia kwenye chupa. Mbege unajua ya leo sio ya kesho. Na bia ya pipa ni hivyo hivyo, hamira bado iko hai mle ndani, inatoka kiwandani haijachujwa wala haijapikwa tena, inaendelea kuchachuka kwenye pipa lenyewe ndani ya stoo ya chini ya baa. Mwenye baa anapigilia kijiti laini cha mbao juu ya pipa, gesi inapumua kidogo kidogo kupitia hapo, akiona imetulia anaweka kijiti kigumu kuziba. Kazi ya nusu ya bia ile inafanywa na yeye, sio kiwanda. Ndo maana bia hiyo hiyo baa hii tamu, ng'ambo ya barabara haifai.

Na mashapo ya hiyo hamira yanashushwaje chini ya pipa? Kijadi wanatumia mabondo ya samaki. Nilikaa Mwanza miaka minne nikiona mabondo ya sangara yanaanikwa na kugombaniwa kwa bei kuliko samaki mwenyewe, nikajua yote ni supu ya Wachina, kumbe bondo la samaki linaweza kusafisha bia pia. Kama hauli samaki au nyama uliza kwanza, siku hizi wapo wengi hawatumii, na ya kwao inaweza kuwa na ukungu makusudi, so ukungu peke yake sio ushahidi wa bia mbovu. Siki ndo ushahidi. Au harufu ya kadibodi iliyolowana.

Kilichonifungua macho ni kwenda Hook Norton, kijiji kiko Oxfordshire, sio mbali na Banbury. Kiwanda chao cha bia kilianzishwa 1849 na mkulima mmoja anaitwa John Harris, na jengo lililopo sasa ni mnara wa mwishoni mwa karne ya 19, ukiliona kwa mbali utadhani mtu alianza nyumba akabadilisha mawazo kila ghorofa. Lakini lina akili, kimea kinapandishwa juu kabisa halafu kila hatua inashuka chini kwa uzito wake, na mtambo wa mvuke wa 1899 bado upo mle. Wana farasi wakubwa wa kupeleka mapipa baa za jirani, sio picha za watalii, wanapeleka kweli. Wanatembeza wageni, nenda. Anza na ile wanaita Hooky, ni asilimia 3.5 tu, unakunywa unaongea. Old Hooky ni 4.6 na ina utamu wa kimea, hiyo ni ya jioni. Uchungu wake unatoka kwenye maua ya hopsi, kazi ile ile ya gome la msesewe kwenye mbege, nilivyofikiria hivyo ulimi wangu ukakubali.

Sasa ukiingia baa usiyoijua, fanya hesabu kabla hujaagiza. Pipa la kawaida la baa ni galoni 9, karibu lita 41, painti 72, painti ndo ile glasi kubwa ya huku. Likishafunguliwa linataka kuisha ndani ya siku tatu hivi. Maana yake kila aina lazima iuze painti 24 kwa siku. Ukikuta baa ina pampu za mkono sita, kila moja inavuta aina yake ya bia kutoka stoo, na wateja wazee wanne na mbwa, kimbia, au agiza ile ambayo wale wazee wanakunywa. Baa yenye pampu mbili zinazofanya kazi naiamini zaidi. Kile kibao cha jina la bia kwenye pampu kikigeuzwa ujue hiyo imeisha.

Hamna mhudumu wa kuja mezani mara nyingi, nenda kaunta mwenyewe, omba kuonja, wanakupa kidogo bure hawanuni, halafu chukua nusu painti kwanza. Funda la kwanza usilihesabu, ulimi unakuwa bado unatafuta ubaridi. Hukumu ya pili ndo hukumu. Ikiwa siki, rudisha mapema, glasi ikiwa bado imejaa, sema kwa upole unadhani imekaa sana. Ukishakunywa nusu nzima ndo unalalamika hapo unatafuta maneno.

Na mkienda kundi kuna zamu, mtu akikununulia ujue yako inakuja, usipotee chooni.

Mwezi wa sita shemeji alikuja kututembelea kutoka Moshi, nikampeleka kwenye baa yetu ya kijiji. Sikumwambia chochote, nilitaka nione. Akaonja, akaiweka chini, akaiangalia kwenye mwanga, akaonja tena. Nikasubiri aniulize kama ni ya moto. Akasema, "Shemeji, nzuri, ila hii inataka kulala siku moja zaidi." Nikamtafsiria mwenye baa. Mzee akacheka mpaka akashika kaunta, pipa lile alilifungua asubuhi ile ile.