Kuvimba baada ya kuchomwa na nyuki, kwa mtu na kwa mbwa: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mwaka jana ulipochomwa na nyuki ulivimba mkono peke yake, lakini safari hii, kwa nyuki mmoja tu, ulitokwa na mabaka ya kuwasha tumboni na mgongoni na koo likabana, na kwamba mbwa wako aliyechomwa siku hiyo hiyo alivimba uso na kutapika. Umeuliza kwa nini mara ya pili imekuwa mbaya kuliko ya kwanza, na kama diklofenaki, dawa ya maumivu uliyopewa wewe, unaweza kumgawia mbwa. Swali la pili nalitanguliza kwa sababu halingoji: usimpe. Sababu nitaieleza chini.

Nafuga nyuki upande wa Sikonge, mizinga ya magogo na michache ya masanduku, na nyumbani kwangu mbwa hawakosekani. Mimi si daktari. Ninayoandika nimeyaona kwa warina asali wenzangu na kwa wanyama wangu, kisha nikayauliza kwa waganga wa zahanati na kwa daktari wa mifugo hadi nikaridhika.

Mwiba wa nyuki ukishaingia, sumu yake, hasa kitu kiitwacho melitini, huanza kupasua seli za ngozi. Mwili hautulii. Seli za kinga zilizotapakaa chini ya ngozi, ziitwazo seli za masti, humwaga histamini na kemikali nyingine, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, na chembe nyeupe za damu hupita hapo kwenda palipoharibika. Mroma Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, aliorodhesha dalili nne za hali hiyo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu mara nyingi hauonekani vizuri, kwa hiyo nimejizoeza kupima kwa mgongo wa kiganja, nikilinganisha joto la mahali palipovimba na la upande wa pili. Uvimbe huo unaweza kuongezeka hadi siku ya pili na kuchukua mkono mzima, na bado ukahesabika kuwa wa mahali pamoja, ilimradi umeendelea moja kwa moja kutoka pale mwiba ulipoingia. Watu wengi huku kwetu wakiuona hukimbilia kununua antibayotiki dukani, jambo ambalo naliona ni kupoteza fedha, kwa kuwa hapo hakuna kidudu cha kuua. Ukianza kuongezeka upya baada ya siku ya tatu, ukitoa usaha au ukileta homa, hapo ndipo pa kushuku maambukizi. Kupaka udongo au kinyesi cha ng'ombe kwenye tundu la mwiba kusifanyike kabisa, maana pepopunda hupitia humo humo.

Yaliyokupata wewe ni ya namna nyingine. Mabaka yalitokea mbali na mwiba, na koo, ambalo halikuguswa na nyuki, likabana; maana yake ni kwamba kinga yako haikupigana tena pale mkononi tu bali mwili mzima. Ulipochomwa mara ya kwanza, mwili wako ulitengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, za aina ya IgE dhidi ya sumu ya nyuki, nazo zikakaa juu ya seli za masti zikisubiri. Aina hiyo ya kingamwili ndiyo pia inayotumika kupambana na minyoo, kwa hiyo si kitu kibaya kwa asili yake. Lakini sumu iliporudi, seli hizo zilifunguka kwa wingi kwa wakati mmoja, mishipa ya damu ikatanuka kila mahali, na katika hali hiyo presha huweza kushuka na njia ya hewa kuziba ndani ya dakika chache.

Jambo hili liligunduliwa kwa mbwa, na ndiyo maana naona swali lako limekaa vizuri kuwaunganisha nyote wawili. Mwaka 1902, Charles Richet na Paul Portier huko Ufaransa walikuwa wakiwadunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini kwa dozi ndogo, wakitumaini kuwajengea kinga. Mbwa aliyestahimili dozi ya kwanza bila shida alidungwa tena wiki kadhaa baadaye, na kwa dozi hiyo ndogo akaishiwa pumzi, akatapika na kufa. Badala ya kinga walikuwa wamejenga kinyume chake, wakaiita anafilaksia, yaani mzio mkali wa mwili mzima, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Utauliza mbona sisi warina asali tunachomwa kila msimu na hatuanguki. Wanaochomwa mara nyingi sana kwa mwaka, miili yao huelekea kutengeneza kingamwili za aina nyingine, IgG4, zinazoiwahi sumu kabla haijafika kwenye zile seli za masti. Walio katika hatari zaidi ni wale wanaochomwa mara moja moja: mke wa mfugaji, mtoto anayefua suruali zenye mabaki ya sumu, mtu anayekuja shambani siku ya kurina tu. Tafadhali usichukue hilo kama ruhusa ya kujizoeza kwa kujichomesha makusudi. Kumzoeza mtu mwenye mzio hufanywa hospitalini, kwa dozi zilizopimwa na dawa ya kumwokoa ikiwa tayari, na mimi nimewasikia wazee wawili watatu wakimshauri kijana mwenye mzio "azoee", ushauri ambao ungeweza kumzika.

Ukichomwa tena, toa mwiba upesi kwa ukucha, kwa njia yoyote iliyo ya haraka, kwa sababu kifuko cha sumu hubaki nao na kuendelea kusukuma. Kisha ondoka hapo, kwani harufu inayotoka kwenye mwiba, inayofanana na ya ndizi mbivu, huwaita nyuki wengine. Mabaka ya mbali, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, kutapika au kizunguzungu vikitokea, dawa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, kwa mtu mzima kwa kawaida nusu miligramu. Vidonge vya setirizini hupunguza muwasho, lakini havifungui koo wala kuinua presha. Hapa pana tatizo letu la porini: mgonjwa hupakiwa kwenye bodaboda, akabanwa katikati ya watu wawili akiwa wima, ilhali mtu ambaye presha inashuka anapaswa kulala miguu ikiwa juu, na kumwinua ghafla kunaweza kumwua. Kama kuna gari au bajaji ya mizigo, subirini hiyo iwafuate, isipokuwa pumzi ikiwa ndiyo inayomsumbua, hapo mwacheni akae huku amenyoosha miguu. Akishapata nafuu asirudishwe nyumbani papo hapo, maana dalili huweza kurejea saa chache baadaye. Na kama unatumia dawa za presha za aina ya propranololi au atenololi, mwambie mganga mapema, kwa kuwa huifanya adrenalini isifanye kazi ipasavyo.

Sasa mbwa. Kuvimba uso peke yake, kama mdomo na kope, mara nyingi hupungua kwa siku moja au mbili. Kutapika ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu kwa mbwa mzio mkali huanzia kwenye ini na utumbo kabla ya mapafu: hutapika, huharisha, fizi hupauka, kisha miguu humwisha nguvu. Paka yeye hushikwa zaidi kwenye pumzi. Mbwa mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Diklofenaki hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini, kemikali nyingine ya mwili inayoleta maumivu na uvimbe, wakati uvimbe huu wa haraka huletwa zaidi na histamini, kwa hiyo hata kwako haikuwa chombo sahihi, na dawa za jamii hiyo huweza kuuzidisha mzio. Kwa mbwa huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo kwa kiasi ambacho kwa mtu ni cha kawaida. Wenye paka wasidhani paracetamoli ndiyo salama: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka, kwa sababu ini lake halina njia ya kutosha ya kuivunja.

Kama mbwa wako alichomwa na nyuki wengi na si mmoja, tazama mkojo wake kwa siku mbili tatu. Ukigeuka kuwa mwekundu au wa kahawia, chembe nyekundu za damu au misuli inavunjika na figo ziko hatarini, hivyo mpeleke hata kama uso umeshanywea na anakula.