Meli haikufikishi Roma: siku za nchi kavu na chakula cha melini

Ratiba ya safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania huandikwa Roma, Florence, Venice. Meli haifiki huko. "Roma" ni bandari ya Civitavecchia, kilomita 70 na ushei kutoka mjini. "Florence" ni Livorno, karibu kilomita 90. "Venice" ndiyo yenye ujanja zaidi: tangu Agosti 2021, Italia ilipozuia meli kubwa kupita Mfereji wa Giudecca, baadhi ya meli za "Venice" hufunga gati Ravenna au Trieste, na kutoka huko hadi Venice yenyewe ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, tafuta jina la bandari, si jina la mji, kisha ndipo upige hesabu.

Hesabu hiyo huanzia mwisho wa siku. Chukua saa ya mwisho ya kurudi melini, ambayo si saa ya kuondoka. Meli ikiondoka saa 1 usiku (19:00), abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa hadi saa nzima kabla ya hapo, kisha ngazi huvutwa. Saa hiyo huandikwa kwenye jarida la siku linaloletwa chumbani usiku uliotangulia, na hubandikwa pia karibu na mlango wa kutokea. Ipige picha kwa simu kabla hujashuka.

Hapo kuna mtego unaotuhusu sisi. Jarida likisema 17:30, hiyo ni saa 11 na nusu jioni. Kama mmesafiri na mama au babu, msimwambie "tano na nusu" kwa kutafsiri Kizungu. Kwake hiyo ni karibu na adhuhuri, au usiku mkubwa. Mwandikie kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili aiweke mfukoni. Mtego wa pili ni simu. Meli ina saa yake, na si lazima ifuate ya bandari. Ugiriki iko saa moja mbele ya Italia, na Tunisia wakati wa kiangazi iko saa moja nyuma. Simu hujirekebisha yenyewe ikinasa mtandao wa nchi kavu, na nahodha akiwa hajabadilisha saa ya meli, umeachwa. Zima mpangilio wa saa wa kiotomatiki, au vaa saa ya mkononi isiyojua mambo ya mtandao.

Tuchukue Civitavecchia, kwa sababu ndiyo inayowatesa wengi. Meli imefunga gati saa 1 asubuhi, na saa ya mwisho ya kurudi ni saa 12 na nusu jioni. Kushuka hakuanzi papo hapo. Mamlaka za bandari huidhinisha kwanza, kwa hiyo hesabu saa 1 na nusu au saa 2 kamili. Hairuhusiwi kutembea kwa miguu kati ya makontena, hivyo basi la bandari hukupeleka hadi kituo cha Largo della Pace. Kutoka hapo kuna basi la kulipia hadi stesheni ya treni. Ukipenda kutembea ni kama dakika 20. Treni ya kawaida hadi Roma Termini, stesheni kuu ya mji, huchukua saa moja na dakika kumi hivi. Ukijumlisha foleni za tiketi, mguu wako unakanyaga Roma karibu saa 4 na robo.

Sasa rudi nyuma kutoka jioni. Saa 11 uwe umeshashuka Civitavecchia, kwa sababu basi la bandari wakati huo lina foleni ya watu wote waliopiga hesabu kama yako. Hiyo ina maana uondoke Termini kabla ya saa 9 na nusu. Siku "nzima" ya Roma imebaki saa tano. Ndani ya saa tano hutaona Colosseum, Makumbusho ya Vatican, Kanisa la Mtakatifu Petro na chemchemi ya Trevi, labda uzione kwa kukimbia. Chagua upande mmoja. Ukichagua Vatican, usiende Termini kabisa: shuka stesheni ya Roma San Pietro, ambayo ni dakika 15 kwa miguu hadi uwanja wa kanisa, na umejiongezea karibu saa nzima ukihesabu kwenda na kurudi. Angalia siku pia. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Jumatano asubuhi Papa akiwa na mkutano wa hadhara, kanisa halifunguliwi kwa watalii hadi umalizike. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Leso moja ya khanga kwenye begi humaliza tatizo hilo bila kununua shali ya mlangoni.

Kanuni ya treni ni moja: panda ile ambayo ukiikosa, inayofuata bado itakufikisha. Usipange kwa treni ya mwisho inayofaa. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini hata kama umelipa. Na angalia habari za mgomo, neno lenyewe ni *sciopero*. Siku ya mgomo wa reli, ikiwa si Jumapili wala sikukuu, Italia huhakikisha treni za mkoa za saa 12 hadi saa 3 asubuhi na za saa 12 hadi saa 3 usiku. Za asubuhi zitakupeleka vizuri tu. Za jioni zitakurudisha meli ikiwa baharini.

Livorno ni hesabu ileile, lakini ngumu zaidi: basi la bandari, basi la mjini, kisha treni ya mwendo wa saa moja na dakika 20 au zaidi. Kibao cha stesheni kitasema Firenze, jina la Kiitaliano la Florence. Maoni yangu ni kwamba kama meli inakaa chini ya saa kumi, achana na Florence, nenda Pisa. Treni ni kama robo saa, na mnara ulioinama ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu kutoka Pisa Centrale.

Naples ndiyo zawadi ya njia hii. Meli hufunga gati katikati ya mji, mbele ya ngome ya Castel Nuovo, na unatoka kwa miguu. Wanaotaka Pompeii, magofu ya mji wa kale wa Kirumi, hupanda treni ya Circumvesuviana ya kuelekea Sorrento na kushuka Pompei Scavi – Villa dei Misteri, mwendo wa dakika 35 hadi 40. Wengi huipandia Garibaldi, chini ya stesheni kuu, na kusimama njia nzima. Treni huanzia Porta Nolana, kituo kimoja nyuma, na huko viti vipo. Ni ya joto, imejaa, na wachomoa mifuko wanaijua kuliko wewe, basi begi likae kifuani. Tangu Novemba 2024 Pompeii hupokea watu 20,000 tu kwa siku, na tiketi huandikwa jina lako, kwa hiyo nunua mapema na ubebe kitambulisho. Kivuli huko ni kidogo sana. Chupa ya maji unaweza kuijaza tena kwenye mabomba ya ndani.

Kuna bandari ambazo meli haifungi gati kabisa; hutia nanga nje na watu hushushwa kwa boti ndogo. Santorini ni mfano. Waliolipia matembezi ya kampuni hushuka kwanza, wengine huchukua namba na kusubiri. Ukishafika bandari ya zamani, kupanda hadi mji wa Fira ni kwa gari la kamba, kwa punda, au kwa ngazi 588. Kupanda si tatizo. Tatizo ni kushuka alasiri, meli tatu zikiwa nje na kila mtu anataka gari lilelile la kamba. Foleni inaweza kula saa nzima na zaidi. Mwenye magoti mazuri ashuke kwa ngazi, akiangalia kinyesi cha punda. Upepo ukichafuka, nahodha hufuta bandari ya namna hii bila kujadiliana na mtu, hivyo usilipie huko kitu kisichorudisha pesa.

Ukichelewa, meli itakusubiri? Kama umo kwenye matembezi uliyonunua kwa kampuni ya meli na basi lao limekwama, ndiyo. Kama umejipanga mwenyewe, hapana. Ndiyo maana mimi huona matembezi ya kampuni, pamoja na ughali wake, yana thamani Civitavecchia na Livorno, na hayana thamani Naples au Barcelona ambako mji uko mlangoni. Kwenye jarida la siku kuna namba ya wakala wa bandari. Huyo ndiye wa kupigiwa ukiona umeshachelewa. Nauli ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata ni juu yako.

Hapo ndipo karatasi zinapokuwa na uzito kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki. Viza ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inagusa Tunis au Uturuki katikati ya safari, kwa sababu kurudi Italia ni kuingia upya. Kadi ya kijani ya Marekani haiondoi hitaji la viza hiyo. Kampuni nyingine hushika pasipoti za abiria wenye viza mapokezi hadi mwisho wa safari, basi toa nakala ya ukurasa wa picha na wa viza kabla ya kupanda, na tembea nazo pamoja na kadi ya meli. Dawa za kila siku zisiachwe chumbani; beba za siku mbili.

Chakula nacho hufuata hesabu ya siku. Asubuhi ya bandari bufe hujaa watu wote kwa nusu saa ileile. Jaza kadi ya kifungua kinywa usiku, itundike kwenye kitasa cha mlango, uletewe chumbani saa 12 na nusu. Lakini soma kwanza kama kuna malipo. Matunda, nyama na maziwa usitoke nayo, bandari nyingi hukataza. Ukirudi saa 10 alasiri utakuta bufe kubwa imefungwa au ina pizza na baga tu mpaka jioni. Kwa sababu hiyo, ukiulizwa zamu ya chakula cha jioni, zamu ya mapema haifai kwa safari yenye bandari kila siku: utakuwa unakimbia kutoka kwenye ngazi hadi mezani na vumbi la Pompeii miguuni. Siku ya kwanza ya kupanda, kila mtu hukimbilia bufe na masanduku yake. Uliza kama ukumbi mkubwa wa chakula uko wazi mchana. Mara nyingi uko, na una viti tele.

Kwa Waislamu, meli za Italia zinahitaji macho. Usitegemee nyama iwe halali mpaka kampuni ikuthibitishie kwa maandishi. Peleka ombi wiki kadhaa kabla ya safari, kisha jioni ya kwanza mtafute mkuu wa wahudumu, mwoneshe. Nguruwe hajifichi kwenye jina la Kiingereza tu. *Prosciutto*, *speck*, *pancetta*, *guanciale* na *lardo* vyote ni yeye, na *strutto* ni mafuta yake, ambayo huweza kuingia kwenye mkate na maandazi. Tambi za carbonara na amatriciana hupikwa kwa guanciale. Mchuzi wa nyama wa ragù mara nyingi huchanganywa nyama ya nguruwe na divai, na wali wa risotto huanza kwa kumwagiwa divai. Hata kitindamlo: panna cotta huwa na jelatini, tiramisu huweza kuwa na pombe. Samaki wa kuchoma, tambi za nyanya na mboga ndizo njia iliyonyooka, na jikoni wakiambiwa jana yake huweza kuandaa sahani yako peke yake.

Maji mezani kwenye meli nyingi za Ulaya si ya bure jioni. Huja kwenye chupa na bili ikafuata. Maji ya bure yako kwenye mashine za bufe. Kifurushi cha vinywaji kipigie hesabu kabla ya kununua: gawa bei ya siku kwa bei ya soda au kahawa moja, ujue unapaswa kunywa ngapi ili kirudishe pesa. Siku ya bandari uko nje kwa muda wa saa nane, na kifurushi kinahesabiwa vilevile. Kwa asiyekunywa pombe mara nyingi hakilipi.

Mlangoni mwa bufe kuna sinki. Litumie, kwa sabuni. Virusi vya norovirus, vinavyosababisha kutapika na kuhara melini, havifi vizuri kwa jeli ya pombe, na koleo la kupakulia saladi limeshikwa na mikono elfu.

Kuhusu malipo, usisajili kadi ya benki ya kawaida kwenye akaunti ya meli kama ndiyo yenye pesa zako zote za safari. Kampuni huzuia kiasi fulani, na huweza kuongeza kila unapotumia. Pesa iliyozuiwa huchukua siku kadhaa kuachiwa hata baada ya kushuka. Weka fedha taslimu mapokezi, ama tumia kadi nyingine. Bakshishi ya kila siku hukatwa yenyewe kwenye akaunti hiyo, kwa kila mtu, watoto mara nyingi kwa kiwango cha chini.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya saa 6 au 7 usiku, na huyaoni tena mpaka bandarini. Bufe ya asubuhi hufungwa mapema kuliko siku nyingine. Kabla ya kusukuma sanduku nje, toa pasipoti, dawa, na nguo za kuvaa kesho yake, viatu vikiwemo.