Mhindi, Mhindu, kabila, tabaka: ipi ni ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye insha yangu ya India ya kale nimeandika "Waarya walivamia India, watu wakagawanyika makabila manne, na Mhindu maarufu kuliko wote alikuwa mfalme Ashoka." Mwenzangu anasema sentensi nzima ni mbovu. Kweli?

Marahaba mwanangu. Mbovu sio, ila maneno matatu hapo hayajakaa sawa, na hata watu wazima wanayachanganya kila siku.

Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, basi. Yote yametoka kwenye jina la mto Sindhu, Waajemi ndo walioitamka ile S kama H. Sasa Ashoka, aliyetawala dola ya Maurya karne ya 3 KK, baada ya vita vya Kalinga alichongesha maneno kwenye miamba akikiri kwamba watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa, akajuta, akashika mafundisho ya Buddha. Mhindi ndiyo, lakini Mhindu hapana.

Kabila ndo linaniuma zaidi. Kabila lina lugha yake na mila zake, wakati Brahmin (makuhani) na Shudra (watumishi) waliweza kukaa kijiji kimoja na kuongea lugha moja. Utenzi mmoja wa Rigveda, kitabu cha kale cha nyimbo takatifu za huko, unasema Brahmin alitoka mdomoni mwa mtu wa kwanza, Kshatriya (wapiganaji) mikononi, Vaishya (wakulima na wafanyabiashara) mapajani, Shudra miguuni, yaani juu mpaka chini, na hiyo kwetu ni tabaka. Tatizo tabaka tulilozoea, kama tabaka la kati, unapanda ukipata hela na unashuka biashara ikifa, lile la kwao unazaliwa nalo, kwa hiyo mimi huandika "tabaka la kuzaliwa". Halafu kuna jati, vile vikundi vidogo vidogo vya kazi na ndoa, hivyo viache viitwe jati tu, usiseme ukoo, maana kwenye koo nyingi za kwetu bara hamuoani na jati wanaoana wao kwa wao.

Na neno moja la huko tunalo mdomoni siku zote: Baniani. Kwa Kigujarati vaniya ni watu wa jati za wafanyabiashara, huko kwenye tabaka la Vaishya, wakaja na majahazi pwani yetu, sisi tukamwita kila Mhindu Baniani, hata kama babu yake alikuwa fundi viatu.

Kuvamia je? Kuvamia ni kuingia kwa nguvu na kwa ghafla, ila wataalamu wengi leo wanaona Waarya, wafugaji waliozungumza Kisanskriti cha kale, waliingia kutokea kaskazini magharibi vizazi kwa vizazi, kuanzia kama 1500 KK, na ng'ombe na farasi wao. Huko ni kuhamia.

Andika hivi: "Waarya walihamia India kidogo kidogo, jamii ikaja kugawanyika katika matabaka manne ya kuzaliwa, na karne nyingi baadaye Mhindi maarufu kuliko wote akawa Ashoka, mfalme aliyefuata dini ya Buddha."